Mradi ukiisha, ufunguo wa pampu unabaki kwa nani?

Kama umewahi kupanda matatu ya kwenda ushago kupitia Machakos, Makueni au Kitui, lazima umeyaona yale mabango. Yamesimama kando ya barabara, mengine yameinama kama mlevi, rangi imekwisha, kutu imekula kona. Juu kuna bendera ya nchi fulani, katikati nembo tatu nne, chini jina refu la mradi: ustahimilivu wa hiki, uendelevu wa kile, usalama wa chakula. Halafu ukitazama nyuma ya bango unaona shamba ambalo halina tofauti na la jirani ambaye hakuwekewa bango.

Mimi pia nilikuwa nayapita tu, kama wewe. Mpaka siku nilipolipwa na mmoja wa miradi hiyo.

Iko hivi. Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa sababu karo ilikataa kupatikana, nilishika kazi yoyote iliyokuja. Moja ilikuwa ya kukusanya data. Unapewa tableti na fulana yenye nembo, unatumwa kijijini kuuliza wakulima maswali, na unalipwa kulingana na idadi ya fomu ulizojaza. Fomu nyingi, ganji nyingi. Hesabu hiyo niliipenda sana.

Siku ya tatu, huko Kitui, nikafika kwa shosho mmoja ambaye kikundi chake kilikuwa kimewekewa pampu ya sola ya kumwagilia mboga. Swali kwenye tableti lilikuwa: “Je, pampu imewekwa?” Majibu ni mawili tu, Ndiyo au Hapana. Shosho akacheka, akanishika mkono, tukaenda kuiona. Kweli ilikuwepo. Paneli juu ya kibanda, mlango wa chuma, kufuli kubwa. Ilifanya kazi msimu mmoja kisha kuna kitu kikaungua ndani. Ufunguo wa kibanda alikuwa nao afisa wa mradi, na afisa alishahamishwa Nairobi. Kikundi hakingeweza hata kumfungulia fundi mlango.

“Sasa kijana wangu,” akaniuliza, “haya majibu tunayowapa kila mwaka, huwa yanarudi lini?”

Nilikosa la kumwambia. Nikabonyeza “Ndiyo”, nikamshukuru, nikaenda boma lililofuata. Fomu ile ilinilipa. Na mahali fulani, ndani ya ripoti yenye picha za akina mama wanaotabasamu, pampu ile imehesabiwa kuwa mafanikio.

Nimekaa na swali la shosho kwa muda mrefu. Ninaliandika leo kwa sababu mjadala wa misaada ya wazungu umepamba moto tena, na naona vijana wenzangu tunaujadili kutoka upande usiofaa.

Unakumbuka ulivyoanza. Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa tena, Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Kufikia Julai 1 mwaka huo, USAID, shirika lililoanzishwa 1961, lilikuwa limevunjwa na kazi chache zilizobaki kuhamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Vijana wa rika letu waliokuwa madereva, makarani wa data na maafisa wa mashinani wa miradi ya kilimo waliamka wakapata barua ya kuachishwa kazi kwenye simu.

Mitandaoni tukagawanyika mara moja. Timu moja ikasema afadhali, misaada ni ukoloni uliovaa tai. Nyingine ikalia kwamba tumekwisha, nani atalisha Turkana. Mimi naona timu zote mbili zinamtazama yule mtoaji tu. Hakuna aliyegeuka kumuuliza shosho wa Kitui nini kilibaki mkononi mwake pesa zilipokatika. Hapo ndipo penye swali. Mradi wa kilimo haupimwi siku ya kukata utepe. Unapimwa msimu wa pili baada ya magari meupe kuondoka.

Acha nikupe mfano usiohusu jembe wala mbegu. Tangu 1985 Marekani imekuwa ikifadhili mtandao wa FEWS NET unaotoa onyo la mapema kuhusu njaa, ulioanzishwa baada ya ule ukame mbaya wa Ethiopia. Unaangalia mvua, bei za mahindi, hali ya mifugo, kisha unaeleza ni wapi chakula kitaisha miezi ijayo. Agizo la Trump lilipotoka, tovuti yake ikazimwa ndani ya siku chache. Mashirika na serikali zilizozoea kuitegemea zikabaki gizani kwa miezi kadhaa kabla ya kuwashwa tena. Hebu fikiria, habari ya kwamba jirani yako anaelekea kulala njaa ilikuwa na swichi, na swichi yenyewe iko Washington.

Lakini Kenya haikuwa kipofu kabisa. Tuna NDMA, mamlaka yetu ya kitaifa ya kukabiliana na ukame, ambayo hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti 23 kame na nusu kame. Ofisi hiyo nayo mizizi yake imo katika mradi wa wafadhili, ule wa Benki ya Dunia wa maeneo kame ulioanza miaka ya 1990. Tofauti ni kwamba mradi ulipofika mwisho, kazi yake haikufungiwa kwenye masanduku. Mamlaka iliundwa 2011 na mwaka 2016 ikapewa sheria yake yenyewe ya Bunge. Ina mapungufu, na kila ukame tunalalamika kwamba onyo lilikuja lakini chakula hakikuja. Lakini swichi iko hapa. Tukitaka kumshika mtu shati, tunajua ofisi yake iko wapi.

Kwa hivyo mimi sisemi misaada ni mibaya. Nasema kuna mradi unaokuachia kitu na kuna mradi unaokuachia bango.

Turudi Ukambani. Kuna kitu kule kinaitwa bwawa la mchanga, na kama hujawahi kukiona basi safari yako ijayo shuka kwenye matatu ukakione. Mito mingi ya kule ni ya msimu: mvua ikinyesha mto unafurika, wiki mbili baadaye umebaki mchanga mtupu. Sasa watu hujenga ukuta wa mawe na saruji kukingama mto, juu ya mwamba. Mafuriko yanapopita yanabeba mchanga, mchanga unatua nyuma ya ukuta, na baada ya misimu kadhaa eneo lote limejaa. Ukipita utadhani limeharibika. Kumbe maji yako ndani, katikati ya chembe za mchanga, jua haliyafikii na mbu hawapati mahali pa kuzaliana. Unachimba kidogo, maji haya hapa. Miti inarudi kingo za mto, watu wanapanda sukuma wiki, na akina mama hawatembei tena nusu siku na mtungi.

Mashirika ya kigeni yamesaidia kujenga mengi ya mabwawa haya, hilo sikatai. Wanaleta saruji, vyuma na mhandisi wa kuchagua mahali, maana ukijenga pasipofaa unajaziwa matope badala ya mchanga. Lakini ukuta wenyewe mara nyingi hujengwa kwa mwethya, ule utaratibu wa Wakamba wa kufanya kazi kwa zamu kama kikundi. Mawe wanabeba wenyewe, mchanga wanabeba wenyewe. Ukuta ukipata ufa, wanaojua ulivyojengwa ni watu wa pale pale. Halafu hakuna kufuli. Ni vigumu sana afisa kuhama na ufunguo wa mto.

Hata hivyo ukuta peke yake hautoshi, na hapa nazungumza na wewe unayekaa Umoja au Roysambu. Mchanga uliojenga ploti unayoishi huenda ulichotwa kwenye mto kama huo. Malori yanapoumaliza mchanga, maji nayo huenda, na ugomvi wa mchanga umewahi kumwaga damu katika maeneo hayo. Kaunti ya Makueni mwaka 2015 ilipitisha sheria yake ya kuhifadhi mchanga, ikaweka masharti ya nani anachota, wapi na kiasi gani. Hiyo haikuletwa na mfadhili yeyote. Ilitungwa na bunge la kaunti. Sasa jumlisha: mgeni akaleta saruji, wenyeji wakaleta mikono, kaunti ikaleta sheria. Ukiondoa kimoja kati ya hivyo vitatu, bwawa lako lina siku chache.

Mfano wa pili uko upande wa Ziwa. Pale Mbita, Kaunti ya Homa Bay, kuna kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa 1970 na mwanasayansi wetu Thomas Odhiambo. Miaka ya 1990 watafiti wake, wakishirikiana na wenzao wa Rothamsted kule Uingereza na wa hapa Kenya, walitengeneza mbinu ya vuta-sukuma. Wakulima wa mahindi na mtama walikuwa na maadui wawili. Mmoja ni kiwavi anayetoboa bua. Mwingine ni striga, ile gugu yenye maua mazuri ya zambarau ambayo Waluo huiita kayongo, na ambayo hunyonya mizizi ya mahindi chini kwa chini kabla hata hujaiona.

Mbinu ni hii. Katikati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, mmea mdogo wa jamii ya kunde. Harufu yake huwafukuza nondo wanaotaga mayai ya wale viwavi. Hiyo ndiyo sukuma. Kuzunguka shamba unapanda nyasi ya nepia, ambayo harufu yake inawavutia nondo hao hao. Hiyo ndiyo vuta. Wakitaga huko, viwavi vikijaribu kutoboa nepia vinakwama kwenye utomvu wake na wengi hufa. Wakati huo mizizi ya desmodiamu inatoa kemikali zinazoidhibiti kayongo, na pia inaongeza naitrojeni kwenye udongo. Mwisho wa yote, desmodiamu na nepia zote ni chakula cha ng'ombe.

Umeona ujanja uko wapi? Mkulima hahitaji kupewa semina kila mwaka ndio akumbuke faida. Ng'ombe wake anamkumbusha kila asubuhi wakati wa kukamua. Msimu ambao mahindi yamemwangusha, bado ana malisho. Si mteremko, bana: mbegu ya desmodiamu ni ghali, na msimu wa kwanza palizi ni kazi ya kuvunja mgongo. Lakini jirani akiona, anaweza kuomba vipande vya desmodiamu na vya nepia na kuanza kwake, bila kujaza fomu ya mtu.

Sasa linganisha na Galana-Kulalu. Mwaka 2014 serikali ilizindua mradi huo kwenye mpaka wa Kilifi na Tana River kwa mkopo na wataalamu kutoka Israeli. Tuliambiwa ekari milioni moja zitamwagiliwa na njaa itakuwa hadithi. Ikaanza na shamba la mfano la ekari 10,000. Kufikia 2019 mwanakandarasi alikuwa ameondoka kabla ya kumaliza, kukiwa na mizozo ya malipo, na serikali imekuwa ikitafuta wawekezaji wengine tangu hapo. Teknolojia ya Waisraeli ya kumwagilia si mbovu, dunia nzima inaijua. Lakini mradi ulikuja kutoka juu, mkubwa kama meli, na mkulima mdogo wa Kilifi hakuwa hata na kasia. Ulipokwama, hangeweza kuusukuma. Na mkopo, tofauti na mradi, haukwami. Unalipwa kwa kodi yako unaponunua bando na unga.

Najua kuna mtu ananisoma anasema: wewe una maneno mengi, lakini kati ya 2020 na 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, mifugo zaidi ya milioni mbili wakafa hapa Kenya, na waliokuja na chakula ni hao hao wafadhili unaowasema. Ni kweli. Siwezi kusimama mbele ya mama wa Turkana au Marsabit mwenye mtoto amedhoofika nimwambie angoje tujenge taasisi zetu kwanza. Aliye ndani ya maji humuulizi kamba imetoka nchi gani.

Lakini msaada wa kuokoa maisha ni kitu kimoja, na mradi wa kumfanya mtu astahimili ukame unaofuata ni kingine. Wa pili unajitangaza kwamba umekuja kumwondolea mtu utegemezi. Basi tuupime kwa ahadi yake yenyewe. Kama ukiondoka wewe na kila kitu kinasimama, hukujenga ustahimilivu. Ulikodisha tu.

Na hapa serikali yetu isijifiche nyuma ya wazungu. Mwaka 2003, kule Maputo, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 10 ya bajeti zao kwa kilimo. Wakarudia ahadi hiyo Malabo mwaka 2014. Kenya ilikuwa mezani mara zote mbili, na kwa miaka yote hiyo bajeti yetu imekaa mbali na kiwango hicho. Pengo linazibwa na mradi wa huyu na mradi wa yule, kila mmoja na bango lake, maafisa wake na muda wake wa miaka mitano. Afisa wa kilimo wa kaunti hana mafuta ya pikipiki hadi mradi ufike. Mradi ukiisha, pikipiki inaegeshwa. Halafu tunashangaa kwa nini shosho anasahau jina la mradi kabla rangi ya bango haijakauka.

Wakati mwingine hata sheria zetu zilimfunga mkulima mikono. Kwa miaka mingi, kuuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijasajiliwa lilikuwa kosa ambalo lingekupeleka jela. Ndiyo, zile mbegu za kunde na mtama ambazo shosho amehifadhi kwenye kibuyu na jivu. Wakulima wadogo wakaenda kortini 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikawapa ushindi, ikafuta vipengele hivyo. Ni habari kubwa kuliko miradi mingi unayoiona kwenye habari za saa moja, na haikuwa na utepe wa kukata.

Basi wewe na mimi tufanye nini? Sitaki kukuambia urudi shambani, maana mimi mwenyewe ninaandika haya nikiwa Nairobi na sukuma wiki ninanunua kwa mama mboga. Ninachokuomba ni kuuliza maswali matatu kila mradi wa kilimo unapotua kwenu ushago.

La kwanza: kikiharibika, nani anatengeneza, na vipuri vinauzwa wapi? Kama jibu ni Nairobi au ng'ambo, kikundi kikatae kupiga picha hadi fundi wa soko la karibu afunzwe.

La pili: wenyeji wameweka nini chao? Kazi, ardhi, mia mia za kila mwezi, chochote. Hatuwaulizi ili tuwaumize. Aliyeweka jasho lake ndiye huamka usiku kulinda.

La tatu: pesa za wafadhili zikiisha, ni mstari gani kwenye bajeti ya kaunti utachukua nafasi yake? Kilimo kiligatuliwa tangu 2013, kwa hivyo usimkubali gavana anayekuambia hilo ni jambo la wafadhili.

Swali la tatu lina tarehe. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka wa kaunti hupaswa kufika kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Taarifa ya mikakati ya fedha, Februari 28. Makadirio ya bajeti, Aprili 30. Kifungu cha 201 cha Katiba kinasema wananchi wahusishwe kwenye mambo ya fedha za umma. Mikutano hiyo hufanyika kwenye kumbi nusu tupu, wazee kumi na soda. Sisi tuko tayari kujaza barabara na Twitter Space, na hilo naliheshimu, lakini ukumbi wa wadi nao unatuhitaji. Kama huwezi kusafiri, soma hati, andika barua pepe, mpigie binamu aliye kule umweleze aulize nini.

Na kama wewe ni kijana mwenye tableti, unayepita boma hadi boma kama nilivyokuwa, nakuelewa kabisa. Kodi ya nyumba haingoji. Lakini kwenye fomu nyingi kuna kisanduku kidogo mwishoni kinachoitwa “maoni mengine”. Mimi nilikiacha wazi siku ile, kwa sababu kukijaza kulichukua dakika tano na dakika tano ilikuwa pesa. Wewe usikiache wazi. Andika kwamba pampu ipo lakini mlango umefungwa. Andika aliye na ufunguo yuko wapi.

Huenda hakuna atakayesoma. Lakini shosho aliuliza majibu yake huwa yanarudi lini, na hayawezi kurudi kama hatukuyaandika.